Besi Iliyopotea Kwenye Mashine ya Gemu

Mjukuu wangu Paskalina,

Huku Endamarariek tu wazima, na babu yako amemaliza kuvuna mbaazi. Wakikucheka bwenini kwamba bibi yako ana miaka ishirini na minane, waambie mimi ni mdogo wake babu yako, kitinda mimba, basi.

Umeniuliza kama uamini masikio yako wakati wakubwa wanasema hujui. Nilipokuwa najifunza ufundi Karatu mjini kwa Fundi Sulle, ililetwa mashine ya gemu ya zamani, ile ya kaseti.

“Spika imekufa,” akasema Fundi alipoiwasha.

Mimi mwanakwaya nilisikia sauti za juu zikiimba vizuri. Besi ndiyo haikuwepo.

“Spika ingekufa, Fundi, zingenyamaza sauti zote. Kosa liko kwenye chipu ya sauti.”

“Haya, mama kwaya! Ukiiunguza, kesho usije.”

Niliifungua. Mguu mmoja wa chipu ulikuwa umeachia, nikauchomea kwa solda. Tukawasha. Besi ikaingia, nzito, hadi kopo la misumari likacheza mezani!

Fundi aliusikiliza wimbo wa gemu mpaka ukaisha. Kisha akanisogezea redio ya padri ambayo yeye mwenyewe alishindwa kuitengeneza wiki nzima.

“Sikiliza na hii,” akasema.

Bibi yako akupendaye,
Veronika