Redio Niliyoipunguza Sauti

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu napanda tena mlimani na mtu ambaye simpendi na yeye ananipenda, na siku hizi hata kumwangalia usoni siwezi.

Mimi ni mwendesha darubini katika kituo cha kutazama nyota, juu kabisa, mahali ambapo ukipanda ngazi kumi unahema kama umekimbizwa na mbwa, tunafanya zamu za usiku kumi na mbili mfululizo halafu tunashuka kupumzika, na tuko wawili kila zamu kwa sababu kanuni hairuhusu mtu kubaki peke yake, hewa ile inaweza kukuvuruga akili bila wewe kujua. Mwenzangu amenizidi miaka kumi na tano, tunamwita Popo kwa jinsi alivyozoea giza, naye ananiita mdogo wangu, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Miezi saba iliyopita dada yangu alipiga simu kituoni saa tatu usiku kwamba mama amezidiwa na ananiulizia, mimi nilikuwa kule kwenye kuba, lile paa la duara linalofunika darubini, Popo akapokea, akasema ataniambia, na hakuniambia, kwa sababu tulikuwa tumekaa siku tano za mawingu matupu na usiku ule anga lilikuwa safi, na mimi nikishuka naye lazima ashuke, kazi ifungwe. Aliniambia kulipopambazuka, huku akinimiminia chai. Mama alikuwa ameshakata roho saa kumi. Kwa gari ni mwendo wa saa mbili na nusu tu, mshauri, ningemkuta, ningemshika mkono, dada anasema mpaka mwisho alikuwa anatazama mlango.

Popo alikuja msibani, akalia kuliko mimi. Tukaendelea na kazi, naongea naye ya kazi tu, chakula nakula nimempa mgongo, na yeye anajua sababu lakini anasema tu, "Mdogo wangu, kula vizuri," basi roho inazidi kuniuma.

Sasa mwezi uliopita theluji ilianguka ghafla, kuba likagoma kujifunga kwa sababu ya barafu kwenye reli, Popo akatoka na nyundo kuigonga. Kanuni yetu ni kwamba aliye ndani anamwita aliye nje kwenye redio ya mkononi kila baada ya dakika tano, "Upo?", naye anajibu, "Nipo." Sikumwita. Akaniita yeye, "Mdogo wangu, upo?" mara tatu, nikamsikia vizuri kabisa, nikashika kitufe cha sauti nikaipunguza mpaka ikaisha, nikajiambia na wewe ngoja uone. Nilikaa dakika ishirini na tano, saa iko mbele yangu. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini ukutani, glavu moja ameivua, anacheka peke yake na kuniita kwa jina la mkewe. Nikambeba, nikampa oksijeni. Daktari alimkata ncha za vidole viwili.

Na sasa anamwambia kila mtu kwamba nilimwokoa, mkewe amenifumia sweta, na mkuu wa kituo ameagiza redio mpya kwa vile kwenye daftari la usiku niliandika kwamba betri iliganda. Naomba uniambie, niombe uhamisho, au nimsamehe tu yaishe?

Mwendesha darubini

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu, pole kwa mama. Naisema mapema na naisema kwa dhati, kwa sababu nikishaanza sitarudi huko. Popo alikukosea vibaya. Alichagua nyota akakunyima kuagana na mzazi wako, na machozi yake ya msibani hayafuti hilo.

Lakini usinifanye mtoto mdogo. Habari ya mama umenieleza kwa kirefu, kisha unauliza kuhusu msamaha kana kwamba wa kusamehe ni wewe. Mtu alikuita mara tatu kwenye baridi, ukamsikia, ukamzima. Ungekaa dakika kumi zaidi, leo ungekuwa unaniandikia kutoka mahali pengine kabisa, na mke wa Popo asingekuwa na hamu ya kufuma kitu. Uhamisho? Uhamie wapi, ukampunguzie nani mwingine sauti?

Miezi saba mmekaa chumba kimoja na hukuwahi kufungua mdomo ukamwuliza, "Kaka, kwa nini ulinifanyia vile?" Ulinuna mpaka ukapata na wewe jambo la kuficha. Sasa mmelingana.

Jumatatu usipande. Jumamosi mchana nenda nyumbani kwa Popo, mkewe awepo. Ile sweta usiivae, ikunje vizuri uirudishe. Anza na kitufe. Usimtangulize mama, maana ukianza na mama utakuwa unajitetea, na marehemu hakukutuma. Ukimaliza ya kitufe, ndipo umwulize kuhusu ile simu. Kisha nenda kwa mkuu ukasahihishe uongo wa betri kwenye daftari, kwa sababu wapo wengine watakaopanda wakidhani kilichoharibika ni redio. Huenda ukafukuzwa kazi. Fukuzwa.

Sikuahidi kwamba Popo atakusamehe. Anaweza kukaa kimya muda mrefu akitazama vidole vyake. Usiujaze ukimya ule kwa maneno yako. Kaa hapohapo, na akikuita, itika mara ya kwanza.