Nimnunulie Baba Mashine Gani ya Kunyolea Baada ya Nilichomfanyia?

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa ndani ya gari la kazini, nimeegesha nje ya duka la vifaa ambako nilitakiwa niwe nimeshaingia na kutoka, na nisipoandika leo najua sitaandika tena, maana Jumapili tuna kikao cha familia na baada ya hapo maji yatakuwa yameshamwagika.

Mimi ni fundi bomba, nina miaka arobaini na moja, sina mke kwa sasa, naishi na baba na dada yangu mkubwa katika nyumba ya baba, na swali langu ukilitazama juu juu ni dogo tu, baba anahitaji mashine mpya ya kunyolea ndevu na sijui nimpe ipi. Ile yake ya zamani ni ya chuma, zile za kufungua kichwa ukaweka wembe katikati kisha ukakaza kwa mpini, aliinunua alipoanza kazi ya ukarani wa mahakama, na akaitumia kila asubuhi mpaka akastaafu na hata baada ya kustaafu, saa kumi na mbili na nusu mbele ya kioo cha bafuni, na sisi watoto tulijua kwamba saa hiyo mtu hagongi mlango hata kama amebanwa vipi. Kumwona baba na ndevu kwetu ilikuwa sawa na kumwona barabarani bila shati.

Mwaka jana akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakawa yanamtoka moja moja kwa shida, ingawa akili yake iko palepale, anafuatilia taarifa ya habari na anajua nani kasema uongo. Daktari akampa dawa ya kuzuia damu isigande, na tangu hapo hata akijikwaruza kidogo damu inachukua muda kukata. Dada akashika dawa na chakula, mimi nikashika kumwogesha na kumnyoa kabla sijaenda kazini, na siku za kwanza sikujua nianzie wapi, lakini yeye alikuwa ananielekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto, anagusa shavu, huku, halafu huku, na tukazoeana, mshauri, nikafika mahali nikawa naipenda ile nusu saa kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku.

Sasa nyuzi za skrubu ya ule mpini zilikuwa zimelika, unakaza vizuri lakini ukishanyoa shavu moja kichwa kinaanza kucheza. Baba aliligundua kabla yangu. Akaniambia, "Inacheza. Nyingine." Nami nikamjibu, "Tulia baba, hii ni kazi yangu," nikachukua utepe mweupe tunaozungushia kwenye maungio ya mabomba, nikauzungusha kwenye skrubu, nikakaza, ikashika. Nilijua kabisa kwamba haitadumu. Nilikuwa naibadilishia utepe kila baada ya siku mbili tatu na kila mara najiambia mwisho wa wiki nitapita dukani.

Siku yenyewe simu ilikuwa inaita mfukoni, mteja bomba limempasukia jikoni, nami nikawa naharakisha, baba akanigonga mkononi mara mbili akasema, "Acha." Nilimsikia. Nilijiambia ni mstari mmoja tu umebaki, nikavuta chini ya taya, kichwa kikageuka, wembe ukatokeza upande mmoja ukaingia kwenye ngozi. Damu ikashuka mpaka kwenye fulana. Nikakandamiza taulo, dada akaja mbio kutoka jikoni akauliza, "Kumetokea nini?" na mimi kabla hata sijafikiri mdomo ukasema, "Nimemkuta anajinyoa mwenyewe."

Akauliza, "Kwa mkono upi?"

Nikasema, "Wa kushoto."

Baba aliniangalia tu. Mpaka leo sijui jinsi ya kukueleza namna alivyoniangalia.

Hospitali walimshona nyuzi tatu. Daktari alipoelezwa kwamba amejikata mwenyewe chini ya taya, akashuku amekusudia, akatuomba mimi na dada tutoke nje, akabaki na baba, na tulipoitwa akasema baba amekataa kwa kichwa alipomuuliza kama amechoka kuishi, lakini hakuwa na uhakika kama ameelewa swali, kwa hiyo tuondoe vitu vyenye makali na tumwangalie kwa karibu. Dada alilia pale kwenye benchi la nje mpaka watu wakageuka. Mimi nilisimama pembeni yake nikiwa na ulimi mdomoni.

Tangu siku hiyo dada amekusanya kila kitu, nyembe, mikasi, hata kisu cha kupakia siagi, akaniomba nitoe komeo la mlango wa chumba cha baba na la bafuni, nami nikaenda kuchukua bisibisi kwenye gari nikayatoa yote mawili, baba amekaa kitandani ananitazama. Sasa anaoga mlango ukiwa wazi. Na amekataa kunyolewa. Nimenunua kimyakimya mashine tatu, moja ya chuma mpya inayofanana na ile ya zamani, moja ya plastiki yenye nyembe zilizofungiwa kwenye kichwa cha kubadilisha, na moja ya umeme ya kuchaji, nikampangia zote juu ya shuka, akageukia ukutani. Wiki tatu na siku mbili sasa, ndevu nyeupe zimejaa mpaka shingoni, yaani wageni wakija anafumba macho ajifanye amelala.

Jumapili baba mdogo anakuja, na dada ameshazungumza naye, wanataka baba akaishi huko kwake ambako kuna watu mchana kutwa. Dada ananiambia, "Mimi siwezi kukaa ofisini nikijua saa yoyote anaweza kujidhuru." Baba hataki kwenda. Juzi Jumatatu nilikuwa namfunga vifungo vya shati, akanishika kola kwa ule mkono wake mzima akasema neno moja, "Sema." Nikamjibu, "Niseme nini, baba?" Akaniachia.

Mshauri, dada ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la tatu, hana mtu mwingine anayemwamini duniani kama mimi, na akijua hili sidhani kama ataniruhusu tena hata kumshika baba mkono. Ndiyo maana nakuuliza, kati ya hizo tatu, nimpe mashine gani ili akubali kunyolewa kabla ya Jumapili, labda akionekana nadhifu watamwona yuko sawa na hayo mengine yatajifia yenyewe. Nisaidie.

Fundi bomba.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako uliyoiacha mapokezini ilinifikia Jumatano hiyohiyo mchana, na ukurasa huu unatoka Jumamosi ya wiki inayofuata. Jumapili yako isingenisubiri, kwa hiyo nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Haya ndiyo niliyokuambia, na nayachapa kwa ruhusa yako kwa ajili ya wengine wanaouguza wazazi wao nyumbani.

Kwanza nikupe haki yako. Mwanamume anayeamka kila asubuhi kumwogesha baba yake kabla ya kwenda kubeba mabomba hawezi kuwa mtu mbaya, na sitakuita hivyo. Kumkata ilikuwa ajali. Ajali ya uzembe, maana utepe ule ni wa kuzuia maji yasivuje, haukutengenezwa kushikilia wembe kwenye shingo ya mtu, na hilo wewe unalijua kuliko mimi. Alikuambia inacheza, ukajitia ufundi. Alikuambia acha, ukavuta. Hata hivyo ungesema palepale, leo ungekuwa na kovu dogo la kumtania nalo.

Ulichofanya baadaye ndicho kinachonikera. Umemfanya mzee mwenye akili timamu aonekane mtu wa kuchungwa. Daktari wake anamtibu kwa maelezo ya uongo, na hilo peke yake ni hatari. Dada yako anakaa ofisini roho juu kwa hofu uliyomtengenezea wewe. Na makomeo ukayatoa kwa mkono wako, ukiwa unajua, yeye akiwa anakutazama. Halafu unaniuliza anyolewe vipi ili apendeze kwenye kikao cha kumhamisha. Hapana, fundi. Huyo hajakataa mashine. Amekukataa wewe mpaka useme, na amekuambia hivyo kwa neno moja kati ya maneno machache aliyobaki nayo.

Basi fanya hivi, leo, usingoje kesho. Washa gari urudi nyumbani. Anza kwa baba. Kaa mahali anapoweza kuona uso wako, umwambie ulichofanya na ulichosema, na usitie "lakini" popote. Usimwombe akusamehe hapohapo, maana utakuwa unamwongezea kazi. Dada akirudi kutoka kazini, mwambie mbele ya baba, kwa mdomo wako. Usimtumie ujumbe. Jumapili mwambie baba mdogo. Siku yoyote ya karibu mwende kliniki, daktari afute alichoandika na aandike kilichotokea. Yale makomeo yarudishe, chagua aina inayoweza kufunguliwa kwa nje akianguka.

Kuhusu mashine sasa. Muulize daktari, lakini kwa mtu anayetumia dawa hiyo wengi watakuambia ya umeme ndiyo salama zaidi, kwa kuwa wembe wake haugusi ngozi moja kwa moja. Ya plastiki inafuata. Ya chuma si mbaya ikiwa nzima na mkono ukiwa umetulia, ila kwa hali yake mimi singeianza bila ruhusa ya daktari. Dawa asiache hata siku moja kwa kuogopa damu. Na wewe acha kumpangia mashine kitandani kama unayembembeleza mtoto. Mpelekeni dukani achague mwenyewe, uso ni wake.

Kwenye simu nilisikia unawasha gari. Kisha ukasema, "Sawa, mama," ukakata.

Jumanne iliyofuata ulinipigia, na nilikuahidi nitaandika ulivyosimulia bila kuyapamba. Baba alikusikiliza mpaka mwisho, akainua mkono wa kushoto akakufuta uso, kwa sababu ulikuwa unalia na hukujua. Dada alipofika na kuambiwa, hakupaza sauti. Aliweka mkoba chini akasema, "Wiki tatu nahesabu visu kila ninapotoka." Akaenda akakaa kwenye ngazi za nje mpaka giza likaingia. Aliporudi hakukutazama wewe, alichuchumaa mbele ya kitanda akauliza, "Baba, kwa nini hukuniambia hata kwa kichwa?"

Mzee alihangaika kutafuta neno la kumjibu, ukasema mlidhani hatalifikia. Akasema, "Nilimngoja."

Jumapili ulirudia yote mbele ya baba mdogo, naye akala chakula chake akaenda zake bila mtu wa kuhama naye. Daktari amesahihisha faili. Dada amekuambia usimguse baba usoni kwa sasa, na hakusemeshi ila kwa mambo ya lazima, ukaniuliza ufanye nini. Vumilia. Akikutuma, nenda. Akikuuliza jambo la baba, jibu ukweli hata kama ni la kijinga, hata kama ni kuhusu dawa iliyochelewa kwa robo saa. Usimuulize atakusamehe lini, na usimtume shangazi wala jirani akuombee msamaha. Imani ya mtu aliyekulea huwezi kuidai irudi kwa ratiba yako. Kama ni mwaka, uwe mwaka.

Katika kusimulia kote huko ulisahau kunieleza habari ya mashine, ikabidi nikuulize. Ukasema mlienda dukani jana yake, watatu, dada akimshika baba mkono na wewe ukifuata nyuma. Muuzaji akaanza kukuonyesha wewe, dada akamkatiza, "Muulize mwenyewe." Mzee akazishika moja moja kwa mkono wa kushoto, akizipima uzito, ya chuma aliishika muda mrefu kuliko zote akairudisha kwenye kabati la kioo, akachukua ya umeme yenye mpini mnene. Mliporudi nyumbani aliingia nayo bafuni akafunga komeo ulilolirudisha. Mlikaa kwenye korido, wewe upande huu na dada upande ule, mkisikia ule mlio unaanza, unakatika, unaanza tena, kwa muda unaokaribia saa nzima. Alipotoka, kidevu na shavu la kushoto vilikuwa safi, shavu la kulia lilikuwa na mabaka ya mvi ambayo mkono haukuyafikia. Dada akanyoosha mkono aichukue mashine ammalizie.

Baba akairudisha nyuma ya mgongo wake akasema, "Kesho."