Kiazi Alichokiiba Sayo

Kawagoe,
18 Novemba 1978

Mpendwa mdogo wangu Chizuko,

Salamu nyingi zikufikie huko Brazili. Hujambo? Shemeji Eikichi mgongo wake umepata nafuu? Huku tu wazima, ila baridi imeshaanza kuuma. Baba anakula vizuri, lakini akili yake inakwenda na kurudi. Hapo ndipo habari yangu ilipo, na naomba uisome umekaa.

Unakumbuka baba alivyokataza kiazi kitamu kuingia nyumbani, na mji wenyewe ndio huu wa viazi. Sote tulidhani alivikinai wakati wa vita, kama wazee wengi wa rika lake.

Jumamosi iliyopita Misuzu wangu alirudi na viazi vitatu alivyopewa na jirani, akashikilia tupike vile vya shira walivyofundishwa shuleni. Baba alikuwa amejilaza chumba cha nyuma. Nikasema haya, basi tufanye upesi.

Tulivikata pembepembe na maganda yake mekundu, tukaviloweka, tukavikausha kwa kitambaa, tukavikaanga mpaka kijiti kikapenya. Sukari, maji kidogo na tone la mchuzi wa soya vikachemka hadi vikavuta nyuzi. Tukavigaragaza humo, tukanyunyiza ufuta mweusi. Nyumba nzima ikanukia.

Mara baba huyo mlangoni mwa jiko, soksi mguu mmoja.

"Mtilieni Sayo kwanza," alisema. "Amesimama nje tangu asubuhi, viatu mkononi."

Misuzu akacheka. "Babu nawe! Mama mkubwa Sayo si alikufa vitani?"

"Nani kakwambia kafa? Mimi nilimfungia mlango tu."

Nilizima jiko, Chizuko. Wewe dada yetu Sayo unamjua kwa picha tu. Ulikuwa na miaka minne. Uliambiwa alikwenda Tokyo kumtembelea shangazi, moto wa mabomu ya ndege ukamkuta huko, na mwili haukuonekana. Ni kweli. Lakini hukuambiwa alivyoondoka.

Siku hiyo kiazi kimoja kilipotea kapuni, na vilikuwa vinane tu vya wiki nzima. Baba alipouliza, Sayo akasema, "Ni mimi." Baba akamzaba kofi, akamsukuma nje, akatia komeo. Mama alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Sayo alikuwa na miaka kumi na mitano. Alingoja mlangoni, kisha akaenda kupanda treni.

Nami nilijua. Nilikuona nyuma ya pipa la maji umejaza kiazi mdomoni, na Sayo akikufuta mashavu. Aliniwekea kidole midomoni. Niliogopa mkono wa baba, nikanyamaza, na nimenyamaza miaka thelathini na mitatu.

Jumamosi sikuweza tena. Nilipiga magoti pale jikoni.

"Baba, Sayo hakukila kile kiazi. Alimpa Chizuko, alikuwa analia njaa. Niliwaona."

Umri wangu huu, bado nilikaza shavu kungoja kofi. Baba alichukua kipande sahanini. Shira ilikuwa ya moto, ikamuunguza vidole, naye hakukiachia.

"Alishiba?"

"Nani, baba?"

"Yule mdogo."

"Alishiba, baba."

Akaketi sakafuni, akalia kama mtu anayepigwa. Misuzu alimshika mkono mpaka shira ikaganda kati ya vidole vyao.

Tangu siku hiyo hataki tutie komeo. Jana jioni mlango ulisogea, nikasema ni upepo. Baba, bila kugeuka, akaniambia, "Fumie, msogezee dada yako mto wa kukalia." Nikausogeza. Mpaka sasa sijautoa.

Usijibebeshe kosa, mdogo wangu. Mtoto wa miaka minne hana hatia. Mwenye deni la ukweli ni mimi. Lakini nilimjibu baba kwa niaba yako, nami sijui. Mwandikie kwa mkono wako mwenyewe, kwa herufi kubwa, umwambie ulishiba. Usingoje mwaka mpya.

Nisalimie shemeji, na Noriaki, na mama mkwe wako. Misuzu anakusalimu, anauliza kama viazi vya huko vina ganda jekundu. Wazee wetu waliotangulia wakulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Fumie