Kujisifu kwa Kiingereza

Qurus, Jumanne jioni, 1983

Neema ametoa hindi mdomoni mwake sasa hivi akampa ndama. Nikajikuta nasema, "Generous!" bila kuangalia daftari langu la Kiingereza. Mkarimu, mwanangu.

Kumsema yeye ni rahisi. Kujisema mwenyewe ndiko kumenishinda leo. Ijumaa naenda kwenye usaili wa kazi ya kufua mashuka, kwenye hoteli ya watalii kule kreta. Shemeji Daniel, anayefanya kazi huko, alinijaribu kwa Kiingereza: wewe ni mtu wa namna gani? Nikamwambia, kwetu mtu hajisifu, husifiwa na majirani.

"Shemeji, meneja hatakuja Qurus kuuliza majirani!"

Mama mkwe alikuwa anasonga ugali. Akasema bila kugeuka, "Basi andika maneno yangu. Huyu ana subira. Tangu aolewe namsema kila siku, hajanijibu vibaya hata mara moja."

Daniel akacheka mpaka akapaliwa, kisha akanipa neno lake kwa Kiingereza: patient.

Nimeliandika. Ijumaa nitamwambia meneja kwamba ni mama mkwe wangu asemaye hivyo. Hapo sitaona aibu.

Ila nikiipata kazi nitalala huko huko, nyumbani nije mara moja kwa mwezi. Neema atabaki na bibi yake. Hofu hii sijamwambia mtu. Subira ninayo, wamesema, lakini usiku ule wa kwanza bila yeye...

mama mkwe ananiita, Neema ananililia, ngoja niende