Baba Wawili wa Nyaboth

Gudele, Juba
Jumapili, 20 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Ajok,

Nakusalimu kutoka huku kwenye tope. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mkaidi, amekubali kukamuliwa au bado anaitawala Kitale nzima? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haitulii. Tangu nianze kuandika nimeinuka kufunga dirisha, nikarudi kulifungua.

Barua nampa Fred, yule Mganda wa lori anayepitia Eldoret. Kwenye simu, kila nikiligusa jambo hili, unaniuliza kama nimekula.

Tarehe thelathini tunawakumbuka mashujaa wetu waliokufa vitani. Niliwaambia wanafunzi wangu wa darasa la saba kila mmoja aje na jina la mtu wa kwao, tuyasome mbele ya shule. Nilijiona mwalimu hodari. Nyaboth, msichana mpole wa Kinuer, akasimama akasema baba yake ni Puok, aliuawa Torit mwaka 1992. Nikamsahihisha mbele ya wenzake: wewe umezaliwa 2013, huyo labda ni babu. Akaketi.

Cheka tu, Shangazi. Mila hiyo ni yao na ni yetu Wadinka pia: kaka akifa bila mtoto, mdogo wake huoa mke kwa jina lake, na watoto huwa wa marehemu. Nimekulia Kenya mpaka nimesahau kwetu.

Kesho yake akaja mama yake, Nyamuoch. Hakupandisha sauti. "Ustaza, mtoto hakukosea. Puok ndiye baba yake. Aliyemzaa ni mdogo wa Puok, Gatluak, waliyemuua hapa hapa Gudele Desemba ile ya 2013. Huyo hatumtaji mbele za watu. Tulikuwa na baba mmoja tu wa kutajwa, na wewe umemfuta."

Niliona aibu sana. Nikamwomba msamaha, na Nyaboth pia, darasani. Lakini mtoto alinifuata mlangoni: "Ustaza, basi tusome wote wawili?"

Mwalimu mkuu wetu, Philip, amekataa. Anasema siku hiyo ni ya vita vya zamani, vya kupigania uhuru. Desemba ile tulipigana wenyewe kwa wenyewe, Wadinka na Wanuer, na uwanjani watakuwapo wazazi wa pande zote. "Yaliyopita si ndwele," ananiambia. Mimi, mwalimu wa historia! Si mtu mbaya, anaogopa. Hata mimi naogopa. Mwaka huu, tangu mapigano yaanze tena kule kaskazini, watu huku wananunua unga mwingi na kutazama barabara.

Sasa lile unaloliepuka. Nilitaka kusoma na jina la Biar, mwanao. Nyumbani sote tunamwita shujaa. Lakini kabla hajafa njia ya Bor Januari iliyofuata, Desemba yote ile alikuwa askari hapa Gudele, askari wetu walipokuwa wakiwaua Wanuer. Wewe ndiye uliyezungumza naye mwisho. Alikuambia alifanya nini? Siulizi kwa kumchukia. Alinibeba mgongoni kambini Kakuma nilipokuwa na malaria, na nampenda mpaka leo. Ila nikimtazama Nyaboth akinakili ubaoni, swali hili linanirudia, na chaki inanikatikia mkononi.

Msalimie shemeji Jok, mwambie anayelala ibadani hatapata nyama ya mbuzi wetu. Msalimie Mama Teresina na kwaya yake yote. Mungu alinyooshe goti lako na akulindie nyumba, mpaka tule tena sahani moja.

Nimeshaamua, Shangazi. Nitasoma baba wote wawili wa Nyaboth, Philip anune akitaka. Mtoto atakuwa amesimama kando yangu. Nipigie kabla ya siku hiyo, wala usiniulize kama nimekula. Niambie tu kama baada ya jina la Gatluak naweza kusoma la Biar, huku yule mtoto ananitazama.

Wako akupendaye hata ukinikasirikia,
Ayak