Kwa Mwanangu Anayetaka Kuziacha Hesabu za Jiwe na Moto

Mwanangu Saidi,

Barua yako imenifikia hapa Mtoni. Umefeli mtihani wa kemia, sasa unataka kuacha chuo huko Kampala urudi kuchoma chokaa na mie. Nakujibu kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zimelala upande, lakini ni zangu.

Wanijua mie. Toka Temeke mpaka Pugu hakuna anayechoma matumbawe yakatoka meupe kama yangu. Hata nyumba ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, imepakwa chokaa yangu.

Unakumbuka likizo ile, ulipookota mkaa ukaandika kwenye ukuta wa tanuri? Ukasema, "Baba, hesabu inaweza kukwambia kama jiwe litageuka chokaa au halitageuka." Ukanieleza: unaandika joto ambalo jiwe linameza. Halafu unazidisha kipimo cha moto kwa mtawanyiko, yaani kadiri hewa inayotoka jiweni inavyotapakaa, unatoa kwenye lile joto. Kikibaki chini ya sifuri, jiwe linageuka. Kikibaki juu, halitaki. Nikakwambia, haya, lipigie hesabu jiwe baridi. Jibu likatoka chini ya sifuri, tena chini sana!

"Yaani hili nililolikalia lishakuwa chokaa?" nikakuuliza. "Hebu nitazame nyuma, msuli umeungua?"

Mama yako alicheka mpaka akatua ndoo. Wewe hukucheka. Ulichutama pale juani, wali ukapoa. Mara ukaruka: "Baba! Nimechanganya vipimo! Joto limeandikwa kwa kaloria elfu elfu, mtawanyiko kwa kaloria moja moja!" Kama fundi aliyetoa inchi kwenye futi bila kuzigeuza. Ukafuta, ukapiga upya. Jiwe baridi likakataa, la kwenye moto mkali likakubali.

Nikakwambia hilo nalijua tangu hujazaliwa. Lakini jioni ile nilizunguka Temeke nzima nikitangaza, "Mwanangu anaongea na mawe, nayo yanamjibu."

Sasa yule aliyekaa juani mpaka akaliona kosa lake ndiye anayeandika kwamba ameshindwa? Simwamini. Kazi hapa ipo, nafasi yako haipo. Waombe walimu wako uurudie mtihani.

Ukiurudia ukafaulu, njoo. Ukiurudia ukafeli, njoo vilevile, tutakula, sitauliza neno. Ila ukija bila kuurudia, shikamoo yako siitikii. Mama yako anasema nakuonea. Na aseme.

Keti, chukua kalamu.

Ni mie baba yako,
mchoma chokaa wa Mtoni