Jicho la Kushoto la Mama Mkwe

Jumapili, 7 Septemba 2003

Nimepaka tena. Watu wote kanisani, ngazi yao nimeiazima bila kuwaambia, kama kila mwaka. Nyeupe kwanza, ikauke, halafu nyeusi katikati. Macho mawili, wimbo wa kwanza mpaka mahubiri. Magoti yanalia siku hizi. Brashi nimeichomeka palepale nyuma ya bati. Kopo nimerudi nalo chini ya koti.

Bango lenyewe limechoka. Nililichora mwenyewe mwaka themanini na nane, enzi za kikundi chetu cha maigizo, ukumbi ukijaa mpaka watoto wanakaa madirishani. LEO LEO LEO, MACHO YA MAMA MKWE. Halafu video zikaja, watu wakahamia huko, kikundi kikafa. Ukumbi sasa ni stoo ya mahindi ya Daudi. Bango hakuna aliyelishusha. Bado linasema leo. Gauni la mama mkwe limeliwa na kutu, mdomo hakuna, pua nusu. Macho tu ndiyo mapya, maana nayapaka mimi, na hakuna anayejua. Wapita njia wanashtuka, wengine wanavuka barabara. Nacheka peke yangu mpaka kifua kinauma. Mzee wa miaka sabini na moja, niliyeishia darasa la nne, sina kazi nyingine.

Jumatatu, 8 Septemba

Kilabuni. Chungu kimoja cha pombe ya kimpumu, mirija sita. Fundi baiskeli akasema bango limekodoa tena. Nikavuta mrija taratibu, nikafuta mdomo.

"Mama mkwe kaamka. Akiamka hivyo anatafuta mtoto wa kumla."

Wakacheka. Daudi hakucheka. Binti yake wa miaka minne ana homa tangu Jumamosi. Nilikuwa najua. Nikasema hivyohivyo. Utani ukinifika mdomoni siwezi kuumeza.

Alhamisi, 11 Septemba

Mtoto wa Daudi amekufa. Alfajiri, njiani kwenda hospitali. Sijala.

Ijumaa, 12 Septemba

Mazishi. Nilishika koleo, wakaninyang'anya, mzee pumzika. Nyuma yangu wanawake wawili wananong'ona. Maneno yangu ya kilabuni, yaleyale. Ila hawakusema ni yangu. Walisema yametoka kwa Tusekile.

Tusekile ndiye aliyekuwa mama mkwe jukwaani. Mndali wa Isongole, mjane wa rafiki yangu, mpiga ngoma wa kikundi. Anakaa chumba cha nyuma cha ukumbi, anauza maharage. Macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Uso wa kwenye bango ni wake. Nilipokuwa nachora nilikuwa namtazama yeye.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Jumapili, 14 Septemba

Daudi alisimama chini ya bango tangu watu watoke kanisani mpaka jua likafika utosini. Watu wakaongezeka. Mmoja akasema jambo ambalo sikuwahi kuwaza kwamba mtu atakuja kulisema. Herufi zimefutika, gauni limekwisha, macho hayazeeki. Kwa nini? Yanalishwa. Na anayelala nyuma ya ukuta huo ndiye anayeyalisha.

Nilikuwa nimesimama hapohapo. Nina doa jeusi kwenye kidole gumba. Nikautia mkono mfukoni. Nikaitikia kwa kichwa kama wengine. Niliitikia, ndiyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Kuku wa Tusekile amekutwa mlangoni pake hana kichwa. Kichwa hakijaonekana. Yeye akamnyonyoa, akampika. Mimi akaniletea paja, limefunikwa vizuri na sahani. Sikuweza kulila.

Jumanne, 16 Septemba

Mkutano wa mtaa. Mwenyekiti amesema lambalamba wataitwa kutoka bondeni. Wanafika Jumamosi. Makofi.

Hao waganga wa kusaka wachawi nimewahi kuwaona, kule kwetu Mbozi, nikiwa kijana. Wanawapanga watu, wananyoa vichwa, wanachanja, wanapekua nyumba moja baada ya nyingine. Wakishamtaja mtu wao wanaondoka. Mtu anabaki na vijana. Bibi waliyemtaja kule kwetu nyumba yake iliungua naye akiwa ndani. Nilikuwa na akili zangu timamu. Nilisimama nikaangalia.

Nyumba moja baada ya nyingine. Na kwangu kuna kopo la rangi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimelitupa chooni. Lilichukua muda kugonga chini. Nikakaa juu ya ndoo kama mwizi wa mbuzi.

Akili ikaja baadaye. Lile kopo ndilo lilikuwa ushahidi kwamba si yeye. Mpumbavu mimi. Mpumbavu wa kizamani kabisa, hawatengenezwi tena.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda kwa Tusekile kumwambia akimbilie kwa kaka yake Isongole. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua uso.

"Nikikimbia watasema kumbe kweli. Kaa chini, shemeji, unaniziba mwanga."

Nikakaa. Nikataka kusema. Mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno ukakauka. Akasema yeye.

"Brashi yako bado iko nyuma ya bati?"

Nikakitazama kidole gumba changu.

"Nakuonaga kila mwaka. Dirisha langu si lile pale? Unapanda kama mbuzi mwenye mimba."

Nikamuuliza kwa nini hajawaambia.

"Niwaambie wakuchome wewe?" Akapuliza makapi. "Ukishuka unacheka peke yako kama kichaa. Basi na mimi huku nacheka. Na tena unayakosea, shemeji. Jicho langu la kushoto ni dogo. Miaka yote unalichora sawa na la kulia. Unanifanya bundi."

Nikaondoka bila kuaga. Wiki nzima angeweza kulitaja jina langu akalala usingizi. Hakulitaja. Mimi niliitikia kwa kichwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwambia mwenyekiti kila kitu. Kopo liko wapi, mzee? Chooni. Akacheka mpaka akashika meza. "Mzee wangu, tunajua yule ni shemeji yako. Nenda kapumzike."

Maisha yangu yote nimewadanganya watu hawa kwa raha zangu, nao wakaniamini. Leo nasema kweli.

Imebaki brashi. Iko juu, nyuma ya bati, kutoka chini haionekani. Nikipanda peke yangu niishushe watasema nimeitoa popote. Lazima nipande mbele yao. Na wasiponiamini hata hapo, watasema tunayalisha wawili.

Nina binamu Nakonde, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Nimefunga kifurushi. Shati moja na daftari hili. Nikiondoka asubuhi, saa mbili niko Zambia nakunywa chai.

Jumamosi, 20 Septemba

Kifurushi nimekifungua. Ni alasiri, herufi bado zinapanda milima.

Walifika saa tatu, watatu. Nilitegemea ngozi na manyoya. Mkubwa wao alivaa miwani ya jua na raba nyeupe. Nikaogopa zaidi. Mtaa mzima tukakalishwa chini mbele ya ukumbi. Wakamtoa Tusekile, wakamweka mchangani mbele yetu, wakaanza kumnyoa. Walipofika nusu ya kichwa mkubwa wao akaunyoosha usinga kwenye bango. Nani anayalisha hayo? Vijana wa stendi walikuwa wamesimama pembeni na madumu. Sikuuliza ya nini. Harufu ilifika.

Nikasema ni mimi. Sauti ikatoka kama ya paka. Nikasema tena. Daudi akageuka.

"Mzee, kaa. Usimfie mwanamke."

Nikainuka nikaenda kuchukua ngazi ya kanisa. Hakuna aliyenizuia, nadhani walijua natoroka. Hata mimi sikuwa na hakika. Nikapitia mlangoni kwa Tusekile, kuna udongo mwekundu aliokuwa anakandikia ukuta, mbichi bado. Nikajaza kopo lake la kupimia maharage. Udongo wa nini, sikujua. Mikono ilitaka kushika kitu.

Kijana mmoja akaikamata ngazi aivute. Yule wa miwani akasema mwacheni apande, macho yenyewe yatamwangusha.

Vipandio tisa. Kwenye cha nne mkojo ukanitoka, na suruali ilikuwa ya kaki. Juu, bati linacheza, misumari mingine imekwisha. Nikaingiza mkono nyuma. Hakuna kitu. Nikauingiza mpaka begani. Kiota cha ndege. Utando. Nikasema basi, nimekufa, na nimekufa nimejikojolea. Halafu kidole kikagusa mpini.

Nikaichomoa. Brashi, nyeusi huku, nyeupe huku, rangi ya mwaka huu juu ya rangi za zamani. Nikaitupa miguuni kwa Daudi.

"Nayapaka mimi! Kila mwaka, mkiwa kanisani! Na yale maneno ya mama mkwe kumla mtoto niliyasema mimi kilabuni, Daudi, ulikuwepo! Yeye hakusema kitu. Ni mdomo wangu."

Kimya chao kiliniogopesha kuliko madumu. Hawakuwa wameamua. Nikaona mtu anamtazama mwenzake, mwenzake anamtazama mganga. Ndipo nikachota udongo, maana sikuwa na neno lingine, nikaupeleka kwenye jicho la kulia nilifunike.

"La kushoto, shemeji!"

Tusekile. Nusu upara, amekaa mchangani, na sauti ileile ya jukwaani iliyokuwa inawafikia watoto wa madirishani. "La kushoto ndilo dogo, mara ngapi nikwambie!"

Nikahamia la kushoto. Nikalibandika udongo, nikalisawazisha kwa kiganja, kwa ukucha nikachora mstari wa kope. Mama mkwe akaukonyeza mtaa mzima.

Fundi baiskeli ndiye aliyeanza. Alijaribu kukibana kicheko, kikamtokea puani. Halafu wanawake. Mwanzoni kilikuwa kicheko cha woga, halafu kikawa kicheko kweli, halafu mtu akaona suruali yangu na kikawa kingine kabisa. Sijawahi kufurahi hivyo kuchekwa.

Daudi hakucheka. Aliiokota brashi, akaigeuzageuza, akagusa rangi kwa kidole. Akakaa chini akalia kwa sauti, mwanaume mzima, kwa mara ya kwanza tangu wamzike mtoto. Watu wakamwendea yeye. Madumu yakabaki peke yake. Wa miwani aliivua, akaivaa tena, akauliza chakula kiko wapi. Saa nane wakaondoka. Kichwa cha Tusekile hawakukimaliza.

Jumapili, 21 Septemba

Nimemnyoa nusu iliyobaki. Wembe mpya, maji ya uvuguvugu, mlangoni kwake, mchana kweupe. Nilipomaliza akajipapasa, akasema nimemkata mara mbili.

Kesho kaka yake anakuja kumchukua na lori la mahindi. Amesema hana hasira na mimi. Ila aliwaona waliobeba madumu, na wawili kati yao aliwabeba mgongoni wakiwa wachanga. Hawezi kulala tena nyuma ya ukuta ule.

Nilidhani nimemwokoa abaki.

Jumapili, 5 Oktoba

Kilabuni wamenipa chungu changu peke yangu. Mrija mmoja. Hawanifukuzi. Fundi baiskeli ananitania suruali ya kaki, nami nacheka, lakini anakaa kwenye chungu kile kingine.

Daudi hanisalimii. Nikimwona anakuja, mimi ndiye ninayevuka barabara.

Nashtuka nikisikia dumu likigonga dumu. Hata la maji.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua ya kwanza jana mchana. Kubwa, ya mawe.

Leo watu walipoingia kanisani nikaenda kuliangalia bango. Nilisimama nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli, kwanza nikachungulia. Woga haujaisha. Nilijua udongo utaondoka, nimekuwa nautazama ukipasuka mwezi mzima, nikiwaza jicho litakapofumbuka watu watasema nini.

Udongo umeshuka na rangi ya jicho. Mwingine umegandamana pembeni mwa jicho, chini na juu. Katikati imebaki nyeupe kidogo na tone la jeusi. Limefumbuka nusu. Dogo kuliko la kulia.

Ndivyo alivyo. Ndivyo alivyo kabisa.

Chumba cha nyuma kimefungwa kwa waya. Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta wa kanisa, kavu tayari. Sikuigusa. Walikuwa wanaimba wimbo wa kwanza. Nikarudi nyumbani kabla ya mahubiri.